Ondol, Ufundi wa Kuupitisha Moto Chini ya Sakafu

Watazamaji wa tamthilia za Kikorea wanaijua vizuri picha hii. Mzee wa ukoo ameketi chini, mgongo umenyooka, mbele yake kimeza kifupi. Wageni wanavua viatu mlangoni na kuketi sakafuni. Usiku ukiingia, magodoro membamba yanatandikwa palepale na watu wanalala, huku nje theluji imefunika paa. Chumbani hakuna jiko wala moshi. Mtu aliyekulia Makete au Kinangop, anayejua jinsi sakafu ya saruji inavyouma nyayo alfajiri ya Julai, lazima ajiulize watu hawa wanawezaje kulala chini.

Wanaweza kwa sababu moto umepita chini yao. Ufundi huo unaitwa ondol, na katika mbinu zote za kupasha joto chumba kidogo ambazo watu wasio na fedha wamejibunia, sijaona iliyofikiriwa kwa kina kuliko hii. Vifaa vyake ni mawe bapa, udongo, maji na karatasi. Kuni zake ni mabua ya mpunga, majani makavu ya msonobari na vijiti ambavyo mtoto anaweza kuviokota mlimani. Tena moto wenyewe hauwashwi kwa ajili ya chumba. Ni uleule uliopika wali wa jioni.

Kwamba ulianza kwa maskini, tuna ushahidi wa maandishi. Wachina waliokusanya historia ya zamani ya utawala wa Tang, kitabu kilichokamilika mwaka 945, walieleza maisha ya watu wa Goguryeo, dola lililotawala kaskazini mwa rasi ya Korea na Manchuria hadi mwaka 668. Wanasema watu wake wengi walikuwa fukara, na majira ya baridi walitengeneza mifereji mirefu, wakawasha moto wa taratibu chini yake ili wapate joto. Wakati huo mfereji ulifuata ukuta mmoja tu, na juu yake palikuwa na kibaraza cha kukalia. Ilichukua karne nyingi kabla mifereji haijaenea chini ya chumba kizima. Baadaye, katika enzi ya Joseon iliyoanza mwaka 1392, ufundi ule wa vibanda ulikuwa umeshaingia ikulu. Ukienda kasri la Gyeongbokgung mjini Seoul, nyuma ya makazi ya malkia, utaona dohani nne za matofali zenye pembe sita, zimenakshiwa maua na ndege. Hizo ndizo zilizotoa moshi wa sakafu ya malkia.

Ubora wake unaonekana ukipiga hesabu. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu. Hewa yote iliyomo ndani ina uzito wa takriban kilo 27. Kuipandisha kwa nyuzi 10 kunahitaji kilojuli 270 hivi, joto la kijiti kimoja kikavu. Ndiyo maana mtu akiingiza jiko la mkaa chumbani anaona joto upesi, na ndiyo maana mlango ukifunguliwa mara moja joto lote linatoka. Sasa pima sakafu ya chumba hichohicho, ikiwa ni ya mawe na udongo wenye unene wa sentimita 10. Uzito wake unakaribia tani 2. Kuipandisha kwa nyuzi 1 tu kunameza kilojuli zipatazo 1,700, zaidi ya mara sita ya joto lote tulilolitia kwenye hewa. Sakafu hiyo inachelewa kupata moto, na ikishaupata inachelewa vilevile kuuachia. Mlango ufunguliwe, mtoto atoke na kurudi, hewa yote ibadilike: jiwe halina habari. Moto uliozimika saa mbili usiku unaendelea kufanya kazi hadi majogoo.

Hayo ni maumbile ya jiwe. Ufundi ni kulifikisha joto ndani ya jiwe hilo, kwa kipimo, bila moshi kuingia chumbani, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kazi inaanza kwa kuchimba. Sakafu ya jikoni hushushwa chini ya sakafu ya chumba, kwa kina cha kufika mapajani au zaidi, kwa kuwa moshi wa moto hupenda kupanda na fundi hataki kushindana nao. Mdomo wa moto, unaoitwa agungi, hutazama jikoni. Juu yake hukandikwa sufuria kubwa la chuma. Mama akiinama kuchochea moto wa wali, ndimi zinalamba kitako cha sufuria kisha zinavutwa ndani, kuelekea chumbani.

Nyuma ya agungi fundi hujenga tuta. Moto hulazimika kulipanda, halafu hutumbukia kwenye shimo fupi upande wa pili kabla ya kuingia kwenye mifereji. Ni tuta dogo tu la mawe na udongo, lakini bila hilo nyumba haikaliki. Upepo wa nje ukigeuka na kuingilia dohani, tuta linauvunja nguvu usiusukume moshi jikoni. Majivu yanayopeperuka na moto nayo huishia shimoni badala ya kuziba mifereji. Tuta likiwa refu mno, moto unakosa mvuto na jikoni kunajaa moshi. Likiwa fupi mno, joto linakimbia lote kuelekea dohani. Mafundi wa zamani walilipima kwa mkono na kwa macho.

Kisha inakuja mifereji, gorae. Mitindo ni mingi. Iko mifereji inayokwenda sambamba kutoka motoni hadi ukuta wa mbali, iko inayotawanyika kama vidole vilivyokunjuliwa, na iko namna ambayo haina mifereji hasa, bali vijiguzo vya mawe vilivyotapakaa ovyo chini ya sakafu ili moshi ujitafutie njia. Namna hii ya mwisho ilikuwa ya watu wa kawaida, maana inakubali mawe madogo ya maumbo yoyote yale. Mimi ndiyo inayonivutia kuliko zote. Inaonekana haina mpango, lakini anayeijenga lazima ajue moshi utapendelea upande gani, ausimamishie jiwe pale, na aulegezee njia kule unakosita kufika, ili kona zote nne za chumba zipate haki yake.

Juu ya vijiguzo hulazwa mawe bapa, gudeul, na hapa fundi anastahili heko zote. Karibu na mdomo wa moto huwekwa mawe manene na mazito. Kadiri unavyokwenda mbali, mawe yanakuwa membamba. Udongo unaokandikwa juu nao hufuata mpango huo, mnene karibu na moto na mwembamba mwishoni, hadi uso wa sakafu ukae sawa. Sababu yake ni hii: moshi unapoingia una joto kali, kwa hiyo hupewa jiwe nene litakalolimeza polepole bila kumuunguza aliyelala juu. Unapofika mbali umeshapoa, kwa hiyo hupewa jiwe jembamba litakalopitisha upesi kile kidogo kilichobaki. Jiwe nene linachelewa asubuhi, jiwe jembamba linawahi jioni, na katikati ya usiku yanakutana. Watu hawakuwa na kipimajoto. Walijua kwa kulala juu ya kazi yao.

Mwisho wa mifereji, kabla ya dohani, fundi huchimba handaki linaloshuka chini kuliko mifereji yenyewe. Moshi ukifika hapo unashuka, unajizungusha, unaangusha masizi, ndipo unapata njia ya kutoka, kama mgeni anayeaga mara tatu ndipo aondoke. Kila kuaga kunaacha joto zaidi ndani. Dohani yenyewe mara nyingi haikuegemea ukuta wa nyumba. Ilisimama peke yake uani, ikiunganishwa na nyumba kwa njia ya chini ya ardhi.

Kabla ya kufunika sakafu, fundi hujaribu. Huziba kila mwanya baina ya mawe kwa vijiwe na udongo laini, kisha huwasha moto wenye moshi mwingi na kupiga magoti, akiangalia ni wapi unapofukiza. Palipofukiza hupakandika tena, akawasha tena. Hakuna hatua ya kazi hii inayodai uvumilivu kama hii, na hakuna iliyo muhimu zaidi, kwa sababu ufa ulioachwa leo utamfukizia mtu usingizini kesho. Sakafu hukaushwa kwa moto mdogomdogo siku kadhaa mfululizo, maana udongo ukikaushwa kwa haraka hupasuka.

Mwisho hubandikwa karatasi. Ni karatasi ya hanji, itokanayo na magome ya mti wa jamii ya mforosadi, ngumu kiasi kwamba karatasi zetu za dukani hazifai kulinganishwa nayo. Hubandikwa tabaka juu ya tabaka. Kisha soya zilizolowekwa na kusagwa huchanganywa na mafuta ya mbegu za perila, hufungwa kwenye kitambaa, na sakafu husuguliwa nayo, huachwa ikauke, husuguliwa tena. Inapokamilika inang'aa kwa rangi ya asali, haipitishi maji, haipitishi moshi, na inafutwa kwa kitambaa kibichi. Maharage na karatasi vimegeuka kuwa sakafu. Nani angefikiria hilo asiyekuwa na shida ya kweli na akili ya kweli?

Chumba kilichopashwa namna hii kilijenga tabia ya watu waliokaa ndani yake. Upande ulio karibu na moto, araetmok, ulikuwa mahali pa heshima. Bibi na babu walikaa hapo, na mgeni aliyetoka kwenye baridi alisogezwa hapo kabla hajaulizwa habari. Mama aliyejifungua alilazwa hapo. Shuka nene lilitandazwa hapo mchana kutwa ili joto lisipotee, na chini yake liliwekwa bakuli la wali lenye kifuniko, likimngoja baba aliyechelewa kurudi. Vipande vya soya za kutengenezea mchuzi vilichachushwa kwenye joto hilohilo, na mtungi wa pombe ya mchele ulifungwa blanketi ukawekwa kando. Vyumba vilijengwa vidogo na dari likashushwa, kwa kuwa watu walioketi chini hawahitaji kimo kirefu, na chumba kidogo kinatosheka na moto mdogo. Kingo za milango zilibandikwa ukanda wa karatasi ulioning'inia kuziba upepo. Huo ukanda peke yake, bila sakafu wala mawe, ni jambo ambalo nyumba yoyote yenye baridi inaweza kulifanya leo jioni. Majira ya joto yalipofika, meko ya pili uani ilichukua kazi ya kupika, na sakafu ikaachwa ipoe.

Iko nyumba moja huko Gurye, kusini mwa Korea, iitwayo Unjoru, iliyojengwa mwaka 1776 na familia yenye mali. Matundu yake ya moshi yapo chini, karibu na msingi. Inasimuliwa kwamba wenye nyumba walitaka moshi utambae chini, ili majirani walioshinda na njaa wasiuone ukipanda angani wakajua kwamba kwa tajiri wali unaiva. Familia hiyohiyo iliweka kasha la mchele ambalo mwenye shida aliruhusiwa kulifungua mwenyewe. Fundi aliyewashushia matundu aliijua kazi yake vizuri, maana kuuvuta moshi bila dohani ndefu ni kazi ngumu kuliko kuuvuta kwa dohani ndefu.

Ondol ilikuwa na gharama zake, na anayeipenda lazima azitaje. Ilipoenea nchi nzima kuanzia karne ya 17, watumishi na mabwana wote wakitaka sakafu ya moto, milima iliyokaribu na miji ilikatwa miti hadi ikabaki wazi. Sakafu haikuwa na joto sawa kila wakati: fundi asiye makini aliacha araetmok inaunguza karatasi hadi inageuka nyeusi, huku upande wa pili maji yakikaribia kuganda bakulini. Kubwa zaidi lilitokea baada ya vita vya miaka ya 1950, kuni zilipoadimika na watu wakaanza kutumia yeontan, matofali ya mviringo ya makaa ya mawe yenye matundu. Makaa hayo yaliwaka usiku kucha kwa bei ndogo, yakaiokoa misitu. Lakini yalitoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Sakafu zilizojengwa kwa haraka mijini zilikuwa na nyufa, na kwa miongo kadhaa watu wengi walilala wasiamke. Ufa ambao fundi wa zamani aliupigia magoti ulikuwa umerudi kudai.

Leo nchini Korea Kusini karibu watu wote wanapasha sakafu kwa mabomba ya maji moto, hata ghorofa ya 20. Wazo limebaki, moto umeondoka. Mwaka 2018 serikali ya Korea Kusini iliuandikisha utamaduni wa ondol kuwa urithi wa taifa. Hata nje ya Korea wazo hilo lilipata wafuasi. Frank Lloyd Wright, msanifu majengo wa Marekani, alialikwa katika chumba cha Kikorea mjini Tokyo majira ya baridi alipokuwa Japani kwa ajili ya kazi ya Imperial Hotel, akashangaa joto linalotoka chini bila chombo chochote kuonekana. Baadaye alipasha sakafu za nyumba zake mwenyewe, ikiwemo nyumba ya Jacobs huko Madison, Wisconsin, iliyojengwa mwaka 1937. Na kule Oregon, Ianto Evans, aliyeshiriki kubuni jiko la udongo la Lorena nchini Guatemala katika miaka ya 1970, aliunda na wenzake meko ndogo inayochoma vijiti kwa moto mkali, kisha inaupitisha moshi ndani ya kibaraza kirefu cha udongo kabla ya kuutoa nje. Ukikaa juu ya kibaraza hicho unakaa mahali walipokaa wale fukara wa Goguryeo. Wazo la Lorena limeshafika kwetu pia: nchini Uganda, majiko ya udongo yaitwayo Rocket Lorena yamejengwa vijijini kwa mikono ya wenyeji.

Kwa hiyo sisi wa nyanda za juu hatuanzii mbali. Uwanda wa Kitulo upo mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti majani yake hupata sakitu. Mufindi na Njombe zina mashamba ya misonobari, na matawi makavu yanaoza chini. Udongo wa mfinyanzi upo. Mafundi wanaojenga majiko banifu yenye dohani wapo, na wanajua kuchanganya udongo na majani, kupima mvuto wa moshi na kuziba nyufa. Kinachokosekana ni hatua moja: moshi wa jiko hilo, badala ya kuelekezwa moja kwa moja darini, upitishwe kwanza ndani ya kibaraza cha mawe na udongo upande wa pili wa ukuta, katika chumba cha kulala. Haina haja ya kuwa sakafu nzima. Kibaraza cha kulaza wazee wawili kinatosha kuanzia.

Nawaomba walimu wa ujenzi katika vyuo vyetu vya ufundi wajenge kimoja cha majaribio, wanafunzi wakifanye kazi ya vitendo, na wasikiruhusu kilaliwe kabla hakijajaribiwa kwa moshi, kikakandikwa, kikajaribiwa tena, na dirisha la chumba likawekewa nafasi ya hewa. Na wewe msomaji ambaye hutasubiri vibaraza hivyo, ambaye usiku wa leo una baridi na una jiko la mkaa: lipashie maji, maji hayo yatie kwenye chupa yenye kifuniko kizuri, izungushie kitambaa, na uingie nayo kitandani. Maji hushika joto karibu mara tano zaidi ya jiwe lenye uzito uleule. Jiko libaki nje. Mkaa unaoonekana umetulia na hautoi moshi ndio unaotoa ile kaboni monoksaidi, na katika chumba kilichofungwa unaua.